Bara linaishia wapi? Uzi kuhusu ardhi inayosogea na mipaka tunayoichora wenyewe

Mwalimu wa Jiografia, Tanga (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimefundisha jiografia katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na kila mwaka nimewaeleza wanafunzi kwamba dunia ina mabara saba, nikayataja moja baada ya jingine, nao wakayanakili. Mwaka huu, siku chache baada ya somo la mwendo wa mabara, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinifuata nje ya darasa. Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini maswali mazito huulizwa kwa Kiswahili, chini ya mwembe. Aliniambia: "Mwalimu, umetufundisha kwamba Arabia iliungana na Afrika, ikajitenga, na hata leo inaendelea kujitenga. Mjomba wangu anaishi Maskati. Je, yuko Asia kwa sababu ya mawe, au kwa sababu kuna watu walioamua hivyo?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Nimelitafakari swali hilo kwa wiki kadhaa, na haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililomwandalia, pamoja na mengine ambayo kipindi cha dakika 40 kisingeyabeba.

Nianze na neno lenyewe, maana hapo tuna utajiri ambao hatuutumii. Mpwani anaposema "bara" hana Afrika wala Asia akilini. Neno hili limetoka katika Kiarabu, barr, yaani nchi kavu, na jirani yake bahr ndiyo iliyotupa "bahari". Kwa mtu wa Unguja, bara ni ng'ambo ya mkondo. Kwa mtu wa Mombasa au Pangani, bara ni kule ndani, anakotoka mtu aliyeshuka pwani. Kisha tuna Tanzania Bara, ambamo Tanga na Dar es Salaam zimo, ingawa mzee wa Pangani hawezi kukubali kwamba yeye ni mtu wa bara. Tena tunasema Bara Hindi, kana kwamba India na majirani zake ni bara linalojitegemea, na baadaye nitaonyesha kwamba msemo huo una ukweli kuliko orodha ya shuleni. Kwa hiyo kabla vitabu havijalifunga neno hili kwenye hesabu ya saba, Kiswahili kilikuwa kinalitumia kumaanisha nchi kavu kama inavyoonekana na mtu aliyesimama mahali fulani. Mwanafunzi anayejifunza kwa Kiingereza peke yake haoni jambo hilo, kwa sababu Waingereza wana neno moja kwa bara la pwani na neno jingine kwa bara la ramani.

Hesabu ya mabara nayo ilianza na mtu aliyesimama mahali fulani, yaani Mgiriki kwenye bahari yake. Upande mmoja aliuita Ulaya, upande wa pili Asia, na nchi za kusini akaziita Libya, jina alilolitumia kwa Afrika yote aliyoijua. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba haelewi kwa nini nchi iliyo moja imepewa majina matatu, tena yote ya wanawake, na aliwapinga waliouweka mpaka wa Asia na Libya kwenye mto Naili, kwa kuwa mpaka huo ungeikata Misri. Miaka ipatayo 2,400 imepita na swali lake bado halijajibiwa kwa mawe, kwa sababu halina jibu la mawe. Mpaka kati ya Ulaya na Asia kwa karne nyingi ulikuwa mto Don. Ni katika karne ya 18 ndipo Msweden Philip Johan von Strahlenberg, aliyekaa Urusi akiwa mateka wa vita, na Mrusi Vasily Tatishchev, walipoupeleka kwenye Milima ya Ural. Milima hiyo ni kovu la kale la ardhi mbili zilizogongana na kushikamana, na leo haitenganishi kitu: Ulaya na sehemu kubwa ya Asia ziko kwenye bamba moja la ganda la dunia, yaani kipande kimoja kikubwa cha mwamba kinachosogea kwa pamoja.

Hata jina "Afrika" limesafiri. Warumi walilitumia kwa jimbo lao la kando ya Carthage, Waarabu wakalitamka Ifriqiya kwa eneo lilelile ambalo leo kwa sehemu kubwa ni Tunisia, kisha jina likashuka kusini hadi likatufikia sisi ambao hatukuulizwa. Upande wa kaskazini mashariki, mpaka wetu na Asia unawekwa Suez, na tangu mwaka 1869 mpaka huo umekuwa mfereji uliochimbwa na watu. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alilishika jambo hili kwa nguvu zake zote. Aliuliza kwa nini Afrika iishie kwenye Bahari ya Shamu na si kwenye Ghuba, ikiwa watu, lugha na dini vimevuka maji hayo kwa maelfu ya miaka. Wapo walioona kwamba alikuwa akifanya siasa. Mimi naona kwamba miamba inamuunga mkono kuliko wakosoaji wake walivyodhani, kwa kuwa miamba ya kale ya Hijazi na ile ya Sudan na Misri iliyo mkabala nayo ni ya jamii moja, na Bahari ya Shamu ni ufa ulioanza kufunguka miaka ipatayo milioni 30 iliyopita, jambo ambalo kwa umri wa dunia ni la juzi.

Sasa nije kwenye mwendo wenyewe. Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, Alfred Wegener, Mjerumani aliyesomea elimu ya nyota na kufanya kazi ya hali ya hewa, alisimama mbele ya wanajiolojia akawaambia kwamba mabara yote yaliwahi kuwa nchi moja, kisha yakaachana. Ushahidi wake haukuwa kufanana kwa pwani za Brazil na Afrika tu, kwani jambo hilo Abraham Ortelius alikuwa ameligusia tangu mwaka 1596. Alileta visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vya Mesosaurus, mnyama mdogo mwenye umbo la mjusi aliyeishi majini, ambavyo hupatikana kusini mwa Afrika na Amerika Kusini lakini si kwingineko, na mnyama huyo asingeweza kuivuka Atlantiki. Alileta majani ya mti wa Glossopteris, ambao mabaki yake yako Afrika, India, Australia na Amerika Kusini. Mwaka huohuo wa 1912 Kapteni Scott, mpelelezi Mwingereza wa Antaktika, na wenzake walikufa kwa baridi na njaa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini, na kwenye sleji yao ilikutwa mizigo ya mawe waliyokataa kuyatupa. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na majani ya Glossopteris, kutoka nchi ambayo leo ni barafu tupu.

Wegener hakuaminiwa, kwa sababu hakuweza kueleza ni nguvu gani ingeweza kulisogeza bara. Alifariki Greenland mwaka 1930 akiwa kazini, umri wake ukiwa miaka 50. Walioibeba hoja yake baadaye wana uhusiano wa karibu na upande wetu wa dunia, na naumia kwamba vitabu tunavyofundishia havisemi. Alexander du Toit wa Afrika Kusini alikwenda Amerika Kusini mwaka 1923, akalinganisha tabaka kwa tabaka na nyumbani kwake. Arthur Holmes, ambaye akiwa kijana alikuja Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, akaambulia malaria, ndiye aliyeeleza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba miamba moto iliyo chini ya ganda hupanda na kushuka polepole kama uji unaochemka, na kwamba mzunguko huo unaweza kulikokota ganda. Marie Tharp, Mmarekani aliyechora ramani ya sakafu ya Atlantiki katika miaka ya 1950, aliona bonde refu likipita juu ya mgongo wa milima iliyo katikati ya bahari. Mwenzake alimpuuza mwanzoni. Baadaye matetemeko ya chini ya bahari yalipopangwa kwenye ramani yakaangukia ndani ya bonde hilohilo, na umbo lake likalinganishwa na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Bonde letu, ambalo John Walter Gregory alilipima Kenya mwaka 1893 na kulipa jina wanalolitumia wataalamu, ndilo lililosaidia kuielewa sakafu ya bahari. Mwisho, mwaka 1963, Frederick Vine na Drummond Matthews walionyesha kwa vipimo vya sumaku, ambavyo sehemu yake muhimu ilichukuliwa kwenye mgongo wa Carlsberg ndani ya Bahari yetu ya Hindi, kwamba sakafu ya bahari huzaliwa katikati na kusukumwa pande zote mbili.

Kutokana na kazi hiyo, mwanajiolojia leo ana maana yake ya bara, na haina uhusiano na hesabu ya saba. Kwake, bara ni ganda nene na jepesi la jamii ya granaiti, lenye unene wa wastani wa kilomita 35 hadi 40, wakati ganda la chini ya bahari ni basalti nzito yenye unene wa kilomita kama 7. Ganda la bahari huzaliwa na kuzama tena, kiasi kwamba sehemu kubwa yake haijafikisha miaka milioni 200. Ganda la bara halizami kirahisi, ndiyo maana lina mawe yenye umri wa miaka bilioni 4. Kwa kipimo hicho, mwaka 2017 kundi la wanajiolojia lilidai kwamba New Zealand ni vilele vya bara lililozama, Zealandia, lenye kilomita za mraba milioni 4.9, ambalo asilimia 94 ya eneo lake iko chini ya maji. Nao wanaohesabu mabamba hawapati saba ya ramani hata kidogo: bamba la Amerika Kaskazini lina kipande cha mashariki mwa Siberia, Arabia ina bamba lake, na India nayo ina lake. Hapo ndipo ninaposema kwamba waliotuachia msemo wa Bara Hindi hawakukosea.

Nakaribisha michango.

Kijana wa Narok

Shikamoo Mwalimu. Nakushukuru kwa uzi huu. Nilikuwa nyumbani Machi 2018, wakati barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika na ardhi ikafunguka. Video zilizagaa duniani kote, na vichwa vya habari vikasema Afrika inagawanyika mara mbili mbele ya macho yetu. Majirani waliingiwa na hofu, na wapo waliofikiri kwamba bahari ingetufikia. Je, tulichokiona ndicho unachokieleza?

Mwalimu wa Jiografia, Tanga

Marahaba, mwanangu. Bonde la Ufa linapanuka, hilo ni kweli, lakini korongo lile la 2018, kwa maelezo ya wanajiolojia wengi waliolizungumzia, lilikuwa hasa kazi ya mvua kubwa iliyosomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yameujaza ufa wa zamani. Mwendo wa bara hauonekani kwa mwendo huo. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha upande wa Somalia ukiachana na upande wa magharibi kwa milimita chache kwa mwaka, kasi ikipungua kadiri unavyotoka Ethiopia kuja kusini. Tukichukua milimita 4, tangu Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 bonde limeongezeka upana wa mita mbili hivi, pungufu ya urefu wa mlango wa kanisa.

Hata hivyo, si kila mara mambo huwa ya polepole. Mwezi Septemba 2005, huko Afar nchini Ethiopia, mpasuko wa kilomita 60 ulifunguka ndani ya siku chache, mahali pengine kwa mita 8, kwa sababu miamba iliyoyeyuka ilijipenyeza kutoka chini. Huku kwetu, Julai 2007, matetemeko ya karibu na mlima Gelai yalisikika hadi Arusha na Nairobi, na miezi miwili baadaye Oldoinyo Lengai ukalipuka. Ardhi hukaa ikikusanya mkazo kwa miaka mingi, kisha ikautoa kwa siku moja.

Mchimbaji wa Mbinga

Mwalimu, naongeza jambo dogo. Makaa ya mawe tunayoyachimba huku Ruvuma yametokana na mimea iliyooza kwenye mabwawa ya wakati uleule wa Glossopteris, na India wana makaa ya umri huo. Jina Gondwana, wanalolitumia wataalamu kwa nchi ile kubwa ya kusini, limetokana na eneo la huko India. Nadhani watoto wa Mbinga wangelipenda somo hili zaidi kama wangeambiwa kwamba lori linalopita mbele ya shule yao limebeba msitu wa nchi ambayo haipo tena.

Mwalimu wa Jiografia, Tanga

Umenena vema, ndugu yangu. Nami nina mfano wa upande wangu. Miamba ya Usambara, Pare na Uluguru ni ya ukanda mmoja na ile ya Madagaska, iliyopikwa na kukandamizwa wakati Gondwana ilipokuwa ikiundwa, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ndiyo sababu wachimbaji wa vito wa bonde la Umba na Mererani hukuta aina za mawe ambazo wenzao wa Madagaska nao huzikuta. Kisiwa hicho kilikuwa kimelala kando ya pwani yetu, kuanzia Somalia hadi Tanzania, kikaanza kujitenga miaka ipatayo milioni 165 iliyopita na kuteremka kusini, kikiwa bado kimeshikana na India, ambayo ilikiacha baadaye. Kwenye ramani ya siasa Madagaska ni Afrika, na Shelisheli pia, ambayo visiwa vyake vikuu ni granaiti, vipande vya bara vilivyobaki katikati ya bahari.

Mpenda Bahari, Unguja

Assalaam alaykum, Mwalimu. Umesema kwamba kwetu bara ni ng'ambo ya mkondo. Sasa nakuuliza, kwa kipimo cha wanajiolojia, sisi Waunguja ni bara au si bara? Naomba jibu la haki, lisilo na siasa.

Mwalimu wa Jiografia, Tanga

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Jibu la haki ni kwamba Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara. Mkondo wa Zanzibar ni wa kina kifupi, na miaka ipatayo 20,000 iliyopita, wakati barafu nyingi ilipokuwa imerundikana kaskazini mwa dunia na usawa wa bahari ukiwa chini kwa takriban mita 120, mtu angeweza kutoka Bagamoyo hadi Jambiani kwa miguu. Ushahidi uko kwenu: katika pango la Kuumbi wataalamu walichimba mifupa ya pundamilia, mnyama ambaye hawezi kuogelea kutoka Bagamoyo. Maji yalipopanda, wanyama waliobaki walifungiwa, na kima punju mnayejivunia ni wa kisiwa hicho.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na kushuka kwa bahari wakati wa barafu hakukutosha kuukausha. Wapemba wamekuwa watu wa kisiwa cha kweli. Lakini hakuna katika hayo linaloamua nani aitwe nani. Mita 120 za maji zimekuja na kuondoka mara nyingi bila kumwuliza mtu uraia wake, na mtu anayetafuta hoja ya siasa ndani ya mawe atakuta mawe yanajibu swali jingine kabisa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Shikamoo Mwalimu. Kwenye mtihani tukiulizwa mabara ni mangapi, tuandike nini? Binamu yangu anasoma kwa walimu waliosomea Cuba, na wao huifundisha Amerika kuwa bara moja.

Mwalimu wa Jiografia, Tanga

Marahaba. Andika saba, kwa kuwa mtihani unapima mtaala, na mtaala wetu umechagua saba. Walimu wa binamu yako hawakukosea: katika nchi nyingi za Amerika Kusini na kusini mwa Ulaya, Amerika ni bara moja, na Warusi wengi huhesabu Ulaya na Asia kama bara moja. Pete tano za Olimpiki, zilizochorwa mwaka 1913, zinahesabu mabara matano, Amerika ikiwa moja na Antaktika ikiachwa. Ukipewa nafasi ya kueleza, andika kwanza kwamba unahesabu kwa kipimo gani, kisha uhesabu. Mwalimu anayesahihisha kwa haki atakupa alama zake.

Mwalimu wa Jiografia, Tanga

Nimerudi kwa sababu mwanafunzi wangu aliyeanzisha haya yote ameniletea ujumbe wa mjomba wake. Nilikuwa nimemwambia kijana hivi: kwa majina ya watu, mjomba wako yuko Asia, kwa mabamba, yuko kwenye bamba la Arabia, linalosogea kaskazini mashariki na kuikunja milima ya Zagros huko Iran, na kwa asili ya ganda, yuko kwenye kipande cha Afrika ya kale. Nikamwomba amuulize mjomba kama milima iliyo nyuma ya mji ni myeusi na haina miti.

Mjomba amejibu kwamba ni myeusi kweli, na kwamba jua likiipiga adhuhuri huwezi kuiwekea mkono. Miamba hiyo si Afrika wala si Asia. Ni sakafu ya bahari ya kale iitwayo Tethys, pamoja na miamba iliyokuwa chini ya sakafu hiyo, iliyoumbika miaka ipatayo milioni 95 iliyopita, kisha ikapandishwa juu ya ukingo wa Arabia badala ya kuzama kama sakafu nyingine zinavyozama. Wanajiolojia husafiri kutoka kila upande wa dunia kwenda Oman kuikanyaga kwa miguu, kwa kuwa kwingine ingewabidi watoboe chini ya kilomita za maji. Kijana ameniambia kwamba likizo ijayo, Mungu akipenda, atakwenda Maskati, na nimemwagiza aniletee jiwe moja la mlima huo tuliweke darasani kando ya jiwe la Usambara.